Ukiunda redio ya programu, anza na saketi ya mbele

Wengi wanaoniuliza kuhusu redio ya programu (SDR), yaani redio ambayo sehemu kubwa ya kazi yake hufanywa na programu ya kompyuta, huanza na kompyuta: watumie lugha gani, wapakue nini, mashine iwe na kasi kiasi gani. Nawaelewa. Raha ya redio hizi ni kwamba kazi iliyokuwa ya koili na fuwele imehamia kwenye hesabu, na hesabu unaibadilisha muda wowote bila kushika pasi ya kulehemu. Lakini kwa vipokezi nilivyounda na kuvipima, nina msimamo mmoja: ishara ikishaharibika kwenye saketi ya mbele, kabla ya kugeuzwa namba, hakuna programu itakayoitengeneza. Maji yakimwagika hayazoleki.

Kwa mradi wa kwanza napendekeza kipokezi cha masafa mafupi, karibu na megahezi 7. Ishara kutoka kwenye antena inapita kwenye chujio, kisha inaingia kwenye chipu ya swichi za kielektroniki, mfano 74CBT3253. Chipu hiyo inaigawa mara nne katika kila mzunguko wa wimbi, na kila kipande kinahifadhiwa kwenye kapasita yake. Amplifaya mbili zinatoa tofauti za vipande hivyo, nawe unapata mikondo miwili, I na Q, iliyopishana kwa nyuzi 90. Kadi ya sauti ya kompyuta inaipokea kama kushoto na kulia. Kadi ikichukua sampuli 96,000 kwa sekunde, unaona upana wa kilohezi 96 kwa mara moja, nusu juu ya masafa ya katikati (yale uliyozipangia swichi) na nusu chini yake.

Chujio ndilo watu hupenda kuliruka, na ndilo ningelitengea muda mwingi kuliko kitu kingine chochote. Swichi hizi haziishii kusikia megahezi 7. Zinasikia pia megahezi 21 na 35, yaani mara tatu na mara tano ya masafa uliyoyachagua. Usipoyakata hayo mapema, kituo cha masafa hayo ya mbali kitajitokeza katikati ya masafa yako, na ndani ya kompyuta hutaweza tena kukitofautisha na kituo halali. Tena jirani kabisa na megahezi 7 wako watangazaji wa masafa mafupi wenye mitambo mikubwa, wanaoweza kuilemea amplifaya yako usiku. Kwenye chujio tumia kapasita za C0G, ambazo thamani yake haiyumbi joto au voltaji inapobadilika. Za X7R ziache kwenye njia za umeme.

Suala la biti, yaani tarakimu za 0 na 1 zinazoandika kila sampuli, lina hesabu nyepesi: kila biti inakupa takriban desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha uwiano wa nguvu) kati ya ishara kubwa kabisa na ndogo kabisa inayoweza kupimwa. Vile vijiti vya USB vyenye chipu ya RTL2832U, vilivyotengenezwa kwa ajili ya televisheni, vina biti 8, yaani kama desibeli 50. Kadi ya sauti ya biti 16 inafika karibu 98 kwa nadharia. Ndiyo maana kwa masafa mafupi, ambako kituo kikubwa na kidogo hukaa bega kwa bega, naipenda zaidi njia ya kadi ya sauti, hata kama inaonyesha kipande chembamba.

Sasa saa ya kuendesha swichi, yaani saketi inayotoa mapigo ya kuzifungua na kuzifunga. Chipu ya Si5351 inatosha kabisa. Ipange itoe masafa mara nne ya unayotaka: ukitaka megahezi 7.1, itoe 28.4, kisha gawa kwa nne kwa flipu-flopu (saketi ndogo za kugawa mapigo) mbili za 74AC74. Zote mbili zinaendeshwa na saa hiyohiyo, kwa hiyo nyuzi 90 zinatoka safi bila kurekebisha chochote kwa mkono.

Usafi huo una maana kubwa. I na Q zikikosea kwa nyuzi 1 tu, kituo kilicho kilohezi 10 juu ya katikati kitaacha kivuli kilohezi 10 chini yake, hafifu kwa desibeli 41 hivi. Kituo kikiwa na nguvu, kivuli hicho kinasikika vizuri tu. Kukitambua ni rahisi: sogeza masafa ya katikati polepole huku ukitazama kioo cha kompyuta. Vituo vya kweli vitahama pamoja upande mmoja, kivuli kitakwenda upande wa pili. Hapa programu inasaidia kweli, kwa kuwa mikondo yote miwili bado ni mizima: unapima tofauti ya ukubwa na ya pembe, unairekebisha, kivuli kinafifia. Mkondo uliokatwa kichwa kwa kuzidiwa nguvu hauna dawa hiyo.

Usiweke kituo unachokitaka katikati kabisa. Hapo ndipo mvumo wa umeme na kelele za amplifaya hujazana. Kisogeze pembeni kilohezi 10 au 15, programu itakifuata.

Kabla ya kuandika hata mstari mmoja wa programu yako mwenyewe, fanya vipimo viwili kwa programu yoyote iliyo tayari. Kwanza, funga rezista ya omu 50 mahali pa antena, uangalie kiwango cha kelele. Chomoa rezista, unganisha antena. Kelele ikipanda waziwazi, kipokezi chako tayari kinasikia kelele za angani, na kuongeza amplifaya nyingine mbele kutaleta hasara tupu. Isipopanda, ndipo utafute ishara inapotea wapi. Pili, ondoa chaja, lisha bodi kwa betri. Ile mistari iliyosimama kwa nafasi sawa kwenye kioo ikitoweka, tatizo lilikuwa umeme. Weka kapasita ya nanofaradi 100 karibu kabisa na pini ya umeme ya kila chipu, acha upande mmoja wa bodi uwe shaba tupu iliyounganishwa na ardhi ya saketi, na vika waya wa USB feraiti (kipete cha kuzuia kelele za umeme). Mistari ikibaki hata kwa betri, zima kompyuta nyingine, taa na chaja za chumbani moja baada ya nyingine huku ukitazama kioo. Mara nyingi inatoka huko.