Babu na minyororo ya meli

Mbukwa wakuu. Mleta uzi, umeuliza uanzie wapi kumfuatilia babu ambaye hukumkuta, na ulichonacho ni cheti cha kifo tu. Usianze na cheti. Mimi kilinizungusha miaka miwili.

Cha babu yangu, Mgogo wa upande wa Mpwapwa, kinasema alizaliwa 1935. Karani alikisia, basi. Nilipomuuliza shangazi akanitazama kama mtoto: "Si wakati wa Mtunya?" Mtunya ni ile njaa ya Ugogo ya 1918 hadi 1920. Majeshi ya Mjerumani, kisha ya Mwingereza, yalikuwa yameshakomba ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo, halafu mvua ikagoma. Hapo hapo babu akaongezeka miaka kumi na tano na ushee.

Tangu hapo hadithi za nyumbani nikawa nazipima kwa Mtunya. Tulikuzwa tukiambiwa babu alipigana na Wajerumani kwenye Vita ya Kwanza ya Dunia. Angepiganaje hajazaliwa? Shangazi akafikiri, akasema aliyechukuliwa ni baba yake babu, tena alibebeshwa mizigo, bunduki hakushika. Hakurudi.

Ila niliyoicheka kuliko zote ndiyo iliyosimama. Babu alikuwa akisema ameshuhudia Kongwa pori likifyekwa kwa minyororo ya meli. Meli, Dodoma! Tulijua ni pombe inasema. Kumbe ni mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947: matrekta mawili makubwa yanafungwa mnyororo wa nanga katikati, yanakwenda sambamba, vichaka vinalala. Inasimuliwa kwamba hata wakubwa wa London walipoletewa oda ya minyororo hiyo walidhani wanataniwa. Mradi ulikufa 1951. Udongo wa kule ukikauka ni kama saruji, karanga haing'oki.

Kwa hiyo muulize bibi au shangazi yako: ilikuwa njaa gani, barabara ilikuwa imefika, nani alikuwa mtemi? Ukiuliza "mwaka gani" hawatakujibu. Halafu daftari la ubatizo la kanisa, kama walibatizwa.

Kaburi la mama yake babu lilitusumbua zaidi, maana Operesheni Dodoma ya 1971 iliwahamishia kijiji kipya. Tulikwenda na shangazi hadi kwenye mahame. Akazunguka mbuyu mara mbili, akapiga teke majani, likatokea jiwe la kusagia lililoliwa katikati. Akakaa juu yake, akaomba maji.