Kwa mnasihi mpya: kikao chako na kisomo cha shehe

Mnasihi mgeni hudhani mteja aliyepitia kwa shehe au mchungaji amepoteza muda. Mwaka 1961 Jerome Frank, daktari wa akili wa Marekani, alionyesha kwamba tiba ya mazungumzo na uponyaji wa kidini vina nguzo zilezile: mtu anayeaminiwa na mgonjwa, mahali palipotengwa, maelezo ya chanzo cha mateso, na utaratibu unaofuatwa na wote wawili. Tazama kikao chako: kiti kilekile, siku ileile, dakika 50, jina la ugonjwa, kazi ya nyumbani. Anayesomewa kisomo, yaani Kurani na dua za kumponya, anapata karibu hayohayo.

Kwa hiyo siku ya kwanza uliza, bila kucheka wala kukunja uso: kabla ya kuja hapa ulipita wapi, uliambiwa tatizo ni nini, ukapewa nini cha kufanya? Jibu la swali la tatu liandike neno kwa neno. Hapo ndipo tiba mbili hugongana.

Ukitaka kuona mfanano huo ukifanya kazi, chukua mwenye waswasi wa udhu, yaani shaka isiyokoma kwamba udhu haukutimia. Anatawadha nusu saa, anarudi bombani, sala inampita. Shaka inaleta hofu, maji yanaishusha kwa dakika chache, na nafuu hiyo ndiyo inayomfundisha kurudia. Fiqhi, elimu ya sheria ya Kiislamu, ina kanuni yake: yakini haiondolewi na shaka. Kuosha kiungo mara moja ndiyo faradhi, mara tatu ni sunna, na imepokewa kwamba Mtume alitawadha kwa mudi moja, chini ya lita. Mpango wa tiba umeshaandikwa nusu. Wewe unaongeza vipimo.

Mteja apange hali zinazomtisha kwa alama za hofu, 0 hadi 100. Anzeni na ya 40, msirukie ya 90. Mkifika kwenye udhu wenyewe: kopo la lita moja, bomba limefungwa, kila kiungo mara moja, kisha anasimama kuswali shaka ikiwa bado imo. Ataje alama ya hofu kila dakika tano mpaka ifike nusu. Zoezi ni la kila siku, kikao kila wiki. Kwa kawaida huchukua vikao 12 hadi 20.

Kinachoharibu ni huruma. Mteja anauliza, "Udhu wangu umetimia?" nawe unajibu, "Umetimia." Kesho atapiga simu tena, kwa sababu jibu lako limegeuka maji ya pili. Shehe naye huingia mtego huohuo. Kwa idhini ya mteja, kaeni naye mkubaliane: swali lililokwisha kujibiwa halijibiwi tena, anaambiwa tu "nimeshakujibu." Na hukumu ya dini itoke kwake, wewe hutoi fatwa.

Mkatoliki anayerudia kitubio kwa shaka ya namna hiyo anahitaji padri mmoja na siku maalumu. Agizo lisiwe na mlango wa nyuma. Ignatius wa Loyola, mwanzilishi wa Wajesuiti, alipopatwa na shaka hiyo mjini Manresa, Hispania, mwaka 1522, aliambiwa na muungamishi wake asiungame tena dhambi za zamani isipokuwa zilizo wazi kabisa. Kwake zote zilikuwa wazi kabisa, na agizo halikumsaidia kitu.

Mfanano huu una mpaka. Anayesikia sauti, mwenye baipola (hisia zinazopanda na kushuka kupita kiasi) au kifafa anahitaji daktari, na hapo usishindanishe dua na vidonge. Uliza tu: kuna aliyekwambia uache dawa? Kifafa kikiachiwa dawa ghafla huweza kuleta degedege lisilokatika. Anayetumia lithiamu, dawa ya baipola, aonane na daktari wake wiki kadhaa kabla ya Ramadhani, maana mwili ukipungukiwa maji dawa hiyo hupanda kwenye damu. Kutetemeka sana mikono, kutapika, kuharisha na kuyumba ni dalili za kumpeleka hospitali siku hiyohiyo, si za kungoja futari.