Maswali ya Wasomaji: Kinu kimezimwa, mbona bado kinachemka?

Wasomaji wengi wametuandikia kuhusu kituo cha nyuklia cha Fukushima Daiichi, Japani, na yaliyotokea baada ya tetemeko la 11 Machi 2011. Haya ndiyo maswali yaliyojirudia zaidi.

Vinu vilijizima vyenyewe ardhi ilipotikisika. Sasa nini kiliviyeyusha?

Vilizimika kweli. Tetemeko la ukubwa wa 9.0 lilipiga saa 8:46 mchana. Vinu namba 1, 2 na 3 vilikuwa kazini, na namba 4, 5 na 6 vilikuwa vimesimamishwa kwa ukaguzi. Fimbo za kudhibiti zilipanda kutoka chini, na atomi za urani zikaacha kupasuka ndani ya sekunde chache. Lakini mabaki ya atomi zilizokwisha kupasuka huendelea kutoa joto, na joto hilo halina swichi. Kinu kinapozimwa tu, ni asilimia 6 hadi 7 ya nguvu yake kamili. Saa moja baadaye ni kama asilimia 1.5, na baada ya siku nzima ni karibu nusu asilimia.

Nusu asilimia isimdanganye mtu. Kinu namba 2 kilikuwa na megawati 2,381 za joto, kwa hiyo nusu asilimia yake ni karibu megawati 12, zinazotosha kugeuza tani 16 hivi za maji kuwa mvuke kila saa. Maji hayo yasiporudishiwa, kina hushuka na fueli (urani iliyomo kwenye fito) hubaki wazi. Inapofika nyuzi 1,200 hivi za Selsiasi, zirkoniamu inayofunika fueli huanza kuungana na mvuke kwa kasi. Muungano huo hutoa joto jingine na hidrojeni, na kuanzia hapo mambo huharibika haraka kuliko mtu anavyoweza kukimbia na mpira wa maji.

Jenereta za dharura zilikuwepo. Zilishindwa nini?

Tetemeko halikuzishinda. Umeme wa gridi ulipokatika ziliwaka zenyewe, kama zilivyopangwa. Dakika 50 hivi baadaye ilifika tsunami ya mita 14 hadi 15, wakati uwanja wa vinu namba 1 hadi 4 uko mita 10 tu juu ya bahari. Jenereta nyingi zilikuwa chini ya ardhi, kwenye majengo ya tabo, mashine zinazozungushwa na mvuke ili kuzalisha umeme.

Watu huzungumzia jenereta na kusahau mbao za swichi, yaani paneli zinazogawa umeme, nazo ndizo zilizoumiza zaidi. Jenereta mbili zilizopozwa kwa hewa, moja ya namba 2 na moja ya namba 4, hazikuzama. Hazikusaidia kitu kwa sababu mbao za kupitishia umeme wake zilijaa maji. Kwenye kinu namba 6, jenereta ya namna hiyo ilipona pamoja na ubao wake, ikagawana umeme na namba 5, na vyote viwili vikaokoka. Kituo jirani cha Fukushima Daini kilibakiwa na njia moja tu ya umeme kutoka nje. Wafanyakazi walivuta kwa mikono kilomita 9 hivi za nyaya nene ndani ya siku moja hivi, na kufikia 15 Machi vinu vyote vinne vilikuwa vimepoa.

Umeme wote umekwenda, hata wa betri. Mhandisi aanze na lipi?

Aanze kwa kupata macho. Katika chumba cha kuendeshea vinu namba 1 na 2, geji zote zilizima. Mafundi waliziondoa betri kwenye magari. Mbili za volti 12 zikiunganishwa mfululizo hutoa volti 24, zinazotosha kuamsha geji ya kina cha maji. Kumi hutoa volti 120, karibu sawa na 125 zinazohitajiwa na vali za kupunguzia presha.

Geji ikiwaka isiaminiwe peke yake. Hupima kina kwa kulinganisha maji ya ndani ya kinu na maji yaliyo kwenye kijibomba cha pembeni. Joto lilipokausha kijibomba hicho, geji ya namba 1 ilionyesha usiku wa 11 Machi kwamba maji yamefunika fueli, kumbe fueli ilikuwa tayari inaharibika. Ukweli ulijulikana Mei, geji iliporekebishwa. Kina kilinganishwe na presha na mionzi. Vikipingana, chukua jibu lililo baya zaidi.

Halafu presha. Ndani ya kinu cha aina hii ni kama megapaskali 7, na pampu ya gari la zimamoto hutoa karibu megapaskali 1. Kwa hiyo presha lazima ishushwe kwanza, na hapa mpangilio wa kazi ndio roho yake: gari liwe limeunganishwa, injini inanguruma na mafuta yamo, ndipo vali ifunguliwe. Vali ikifunguka mvuke hutoka kwa wingi na kina cha maji huporomoka. Kwenye namba 2, jioni ya 14 Machi, presha ilishushwa, kisha ikagundulika kwamba gari la zimamoto limeishiwa mafuta. Maji yaliingia karibu saa mbili baada ya vali kufunguliwa.

Jambo la tatu husahaulika: lita zilizotoka kwenye pampu si lita zilizoingia kinuni. Sehemu ya maji ya zimamoto iliishia kwenye matawi ya mabomba, mengine yakienda hadi kwenye kipozea mvuke cha tabo. Fuateni mchoro wa mabomba na mfunge kila tawi kabla ya kusukuma.

Mwisho ni kutoa mvuke nje ya ganda la kinga, yaani chombo imara kinachozunguka kinu, kabla halijapasuka, wakazi wakiwa wameshaondoka. Kwenye namba 1, vali ya mota ilizungushwa kwa mkono hadi robo. Vali ya pili, inayoendeshwa kwa hewa, ilikuwa mahali penye mionzi mikali na watu wakarudi njiani. Kompresa ya kubebeka iliyofungwa kwenye bomba la hewa ndiyo iliyosaidia kuifungua.

Maji ya bahari hayaharibu kinu?

Huharibu. Chumvi hubaki maji yanapochemka, huziba njia kati ya fito za fueli na hula chuma. Lakini maji yasiyo na chumvi yakiisha hakuna cha kujadili, kwa sababu kinu kikavu kimeshapotea. Fukushima walirudi kwenye maji yasiyo na chumvi mwishoni mwa Machi.

Ile milipuko ilikuwa ya atomi?

Hapana, ilikuwa hidrojeni iliyokusanyika chini ya paa: namba 1 tarehe 12 Machi, namba 3 tarehe 14, namba 4 tarehe 15. Namba 4 haikuwa na fueli kinuni. Gesi iliifikia kutoka namba 3 kupitia mabomba yaliyoelekea kwenye dohani moja. Baadaye naitrojeni ilisukumwa ndani ya maganda ya kinga ili hidrojeni isipate oksijeni ya kuwakia.

Wafanyakazi waliruhusiwa mionzi kiasi gani?

Kikomo cha dharura kilipandishwa kutoka milisiveti (kipimo cha mionzi inayompata mtu) 100 hadi 250. Sita walikivuka, hasa kwa ayodini yenye mionzi waliyoivuta kwa pumzi, kwa hiyo barakoa ivaliwe kabla ya geji kupiga kelele. Tarehe 24 Machi wafanyakazi watatu waliingia kwenye maji ya jengo la tabo la namba 3, wawili wakiwa na viatu vifupi, na vipimo vyao vya mfukoni vilikuwa vikilia.

Maji ya kupozea huenda wapi?

Swali hili limedumu kuliko dharura yenyewe. Maji hupita kwenye fueli iliyoyeyuka, huvuja hadi vyumba vya chini, na hapo hukutana na maji ya ardhini, ambayo mwanzoni yaliingia kama mita za ujazo 400 kwa siku. Seziamu, elementi yenye mionzi, hunaswa kwanza, kisha mtambo wa kuchuja uitwao ALPS huondoa aina 62 za atomi zenye mionzi. Tritiamu haichujiki hapo, kwa kuwa ni hidrojeni yenye mionzi iliyomo ndani ya molekuli ya maji yenyewe. Ili kupunguza yanayoingia, visima vilichimbwa na ardhi ikagandishwa kuzunguka majengo: ukuta wa barafu wa kilomita 1.5, kina cha mita 30, ukipozwa na maji ya chumvi ya nyuzi 30 chini ya sifuri. Matangi ya kuhifadhi maji yaliyochujwa yalizidi 1,000. Tangu 24 Agosti 2023 maji yaliyosafishwa hutolewa baharini yakiwa yamezimuliwa hadi chini ya bekereli (kipimo cha nguvu ya mionzi) 1,500 za tritiamu kwa lita.

Fueli iliyoyeyuka itatolewa lini?

Inakadiriwa kuna tani 880 hivi katika vinu vitatu. Sampuli ya kwanza, kutoka namba 2, ilipatikana Novemba 2024, ikiwa chini ya gramu moja. Jaribio la Agosti lilisimamishwa kabla ya kuanza kwa sababu mabomba ya kusukumia kifaa yalikuwa yamepangwa kwa mfuatano usio sahihi. Chembe hiyo ndogo ina thamani kubwa. Bila kujua ugumu wake na mchanganyiko wa urani, chuma na zege uliomo, hakuna anayeweza kuchagua msumeno wa kukatia wala chombo cha kuhifadhia.