Kabla ya Kupanda: Kwa Wanaoanza Kazi ya Farasi

Vijana wanaokuja kutafuta kazi katika mazizi ya huku Njoro huuliza kwanza watapanda lini, nami huwapa brashi. Siwadharau, ila katika miaka yangu yote ya usaisi, yaani kazi ya kutunza farasi, sijamwona mpandaji aliyeelewana na farasi akiwa mgongoni kabla ya kuelewana naye chini, zizini.

Farasi ni mnyama wa kuwindwa, na silaha yake ya kwanza ni mbio. Macho yake yako pembeni mwa kichwa, kwa hiyo huona karibu pande zote isipokuwa mbele kabisa ya paji la uso na nyuma ya mkia. Ukimjia kimya kimya kutoka nyuma, usimlaumu akikupiga teke. Mwendee upande wa bega huku ukisema naye. Kiswahili, Kikuyu au Kikalenjini kwake ni mamoja, mradi sauti iwe tulivu. Masikio yatakujibu: yakielekea kwako anakusikiliza, yakilala nyuma yakabana shingoni, rudi hatua moja.

Nilipokuwa mgeni katika kazi hii nilikabidhiwa farasi jike aliyesifika kwa upole. Asubuhi moja tulichelewa, nikamtupia tandiko na kuukaza mshipi wa tumbo kwa mkupuo mmoja. Aligeuza kichwa akanitazama, akapiga mkia mara mbili, nami nikapuuza. Nilipokalia tandiko alirusha miguu ya nyuma, nikajikuta kwenye matope kando ya ua. Nilimwita mkaidi. Mzee aliyenifundisha kazi hakubishana nami. Alivua tandiko, akageuza kitambaa cha chini yake, akanionyesha mbegu tatu za kishonanguo zilizonasa humo, ncha zikielekea ngozini. Uzito wangu ndio uliozikandamiza. "Alikwambia mara mbili," alisema mzee, kisha akaenda zake kuchota maji.

Kwa hiyo brashi si kazi ya kupambia tu. Kiganja kinachopita mgongoni na miguuni kila siku hutambua joto, uvimbe au kidonda kabla jicho halijaona, na farasi naye huzoea kuguswa na mtu yule yule pasipo maumivu. Mshipi nao ukazwe kidogo kidogo: kaza, mtembeze hatua chache, kaza tena, kwani wengi hujaza kifua wanapouhisi.

Ukishapanda, atakusoma kwa mapaja na kwa pumzi yako. Matatu ikipiga honi kwenye barabara ya Mau Narok, mpandaji hukaza miguu na kushika hatamu kwa nguvu bila kujijua, na farasi huambiwa mambo mawili yanayopingana: miguu inasema nenda, lijamu, kile chuma cha mdomoni kinachovutwa na hatamu, linasema simama. Hapo ndipo wengi huangushwa. Shusha pumzi, legeza mapaja, mkono ubaki mwepesi.

Wapo wanaodhani urafiki huu hununuliwa kwa karoti. Sina ugomvi na karoti, ingawa farasi anayelishwa mkononi kila mara huanza kuuma mifuko ya watu. Mimi hupima mapenzi ya saisi kwa saa. Ugonjwa wa farasi wa Afrika huenezwa na visubi, wale wadudu wadogo sana wanaofyonza damu, ambao huuma zaidi kuanzia magharibi hadi alfajiri, na hauna dawa ya kuuponya ukishampata mnyama. Kwa hiyo pamoja na chanjo, farasi waingizwe zizini kabla jua halijazama, hata kama ni siku ya mpira. Mvua zikiwa nyingi visubi huongezeka, na hapo sikubali udhuru.

Yule jike alichukua karibu mwezi mzima kuacha kugeuza kichwa kila nilipogusa mshipi. Katika mwezi huo, kila asubuhi kabla ya kumtandika, nilikigeuza kile kitambaa mbele ya macho yake na kukipitisha kiganja changu, pindo hadi pindo.