Mduara ulioanzia kwa viziwi wa Gallaudet

Swali la wiki hii lilikuwa: ni ubunifu gani wa michezoni ambao wenyewe hawajapewa heshima yao? Jibu langu ni ule mduara wa wachezaji wa futiboli ya Kimarekani. Anayeutazama mchezo huo hata mara moja ameuona: mpira ukisimama, wachezaji wa timu inayoshambulia wanakusanyika, wanainamisha vichwa, bega kwa bega, wanapeana mpango kwa sekunde chache, halafu kila mmoja anakimbilia nafasi yake. Siku hizi hata timu za kikapu na za soka hufanya hivyo. Wanaojua kwamba mduara huo unahusishwa na chuo kidogo cha viziwi ni wachache mno.

Chuo chenyewe ni Gallaudet, kilichopo Washington, D.C. Hati ya kukiruhusu kutoa shahada ilisainiwa na Rais Abraham Lincoln mwaka 1864, na mpaka leo wanafunzi wake hawafiki 2,000. Timu yake ya futiboli ilianza mwaka 1883. Naomba msomaji aukumbuke mwaka huo, kwa sababu miaka mitatu tu kabla yake, mwaka 1880, walimu wa viziwi kutoka nchi mbalimbali walikutana Milan, Italia, wakapitisha kwamba watoto viziwi wafundishwe kwa kusema kwa mdomo na lugha ya alama iondolewe madarasani. Walioamua karibu wote walikuwa watu wanaosikia. Edward Miner Gallaudet, mkuu wa chuo hicho, alikuwa miongoni mwa wachache waliopinga. Shule nyingi zilifuata azimio lile, na vizazi vya watoto vikakua vikizuiwa kutumia mikono yao. Msamaha rasmi wa mkutano ule ulikuja Vancouver mwaka 2010, miaka 130 baadaye!

Ndani ya miaka hiyo migumu ndipo anapotokea Paul Hubbard, kijana kiziwi aliyecheza Gallaudet kama kwotabeki, yule anayepokea mpira na kuamua uende wapi. Timu ya watu wanaosikia ilipocheza na Gallaudet haikuambulia kitu kwenye mikono yake. Alipanga mchezo hadharani mbele yao bila wasiwasi. Tatizo lilikuja Gallaudet ilipokutana na viziwi wenzao. Wapinzani walisimama ng'ambo ya mpira, wakasoma kila alama, wakajua nani atapewa mpira kabla hata haujatoka. Hubbard akawaita wenzake wamzunguke, migongo nje, mikono ndani. Mwaka unaotajwa sana ni 1894, mwaka uleule chuo kilipopewa jina la Gallaudet.

Mimi ni mwalimu katika kitengo cha wanafunzi viziwi, na jambo hili naliona darasani. Wanafunzi wawili wenye siri hawatoki nje. Mmoja anageuza bega, anashusha mikono kutoka kifuani mpaka usawa wa tumbo, anazifanya alama ziwe ndogo, na mwenzake anasogea kuziba upande ulio wazi. Hakuna aliyewafundisha. Kwa hiyo nikisoma habari za Hubbard sioni ajabu hata kidogo kwamba wazo lile lilitoka kwa viziwi. Ni kama wanasoka wetu wa leo wanaoziba midomo kwa kiganja wakiogopa kamera, ila Hubbard alikuwa na mikono ya kuficha badala ya midomo.

Wapo wanaompa sifa hiyo Amos Alonzo Stagg, kocha maarufu wa Chicago. Inawezekana mtu mwingine naye alilifikia wazo hilo kwa njia yake, hasa kwa kuwa baada ya pasi ya mbele, yaani kuutupa mpira mbele kwa mkono, kuruhusiwa mwaka 1906 mipango ya mchezo iliongezeka na kila timu ikawa na la kuficha. Lakini sababu ya Gallaudet ina nguvu kuliko zote nilizowahi kusikia. Huko nje watu walikuwa wakidai kwamba alama si lugha kamili. Pale uwanjani zilieleweka kwa kasi kiasi kwamba ilibidi zifichwe. Hubbard baadaye alikwenda kufundisha shule ya viziwi ya Olathe, Kansas, akaanzisha futiboli huko pia.

Sitaki kuipamba Gallaudet kupita kiasi. Kwa miongo mingi vijana viziwi weusi hawakuwa na nafasi pale. Mweusi wa kwanza kupata shahada ya chuo hicho, Andrew Foster, alihitimu mwaka 1954. Ndiye aliyekuja Afrika na kufungua shule nyingi za viziwi katika nchi mbalimbali, mpaka alipofariki kwa ajali ya ndege nchini Rwanda mwaka 1987.

Timu yenyewe imepitia misimu mingi ya kufungwa. Kwa miaka ilitumia ngoma kubwa pembeni mwa uwanja, wachezaji wakihisi mtikisiko wake ili waanze pamoja. Mwaka 2013 ilishinda mechi 9 kati ya 10 za msimu wa kawaida na kuingia kwa mara ya kwanza katika hatua ya mtoano ya daraja la tatu la vyuo. Oktoba 2023 ikajaribu kofia ngumu yenye kioo kidogo kinachomwonyesha kwotabeki mpango alioutuma kocha, ikaifunga timu ya chuo cha Hilbert 34 kwa 20. Nilifurahi sana. Hata hivyo kofia ile ilitengenezwa kwa msaada wa kampuni kubwa ya simu, na jina la kampuni lilitangazwa kila mahali. Kura yangu wiki hii naipeleka kwa Hubbard na wenzake, waliokuwa na mikono na migongo yao tu.