Uliza Fundi: Bolti ya Nane Inaingia Kidogo, Kisha Inagoma

Swali. Kamwene, fundi. Nafufua BSA Bantam ya zamani, pikipiki ya Uingereza. Bolti za mfuniko wa injini zimepotea, nikanunua za nane, zile za pikipiki za Kichina. Zinaingia mzunguko mmoja, miwili, kisha zinakaza. Fundi wa jirani anasema nitie oili nilazimishe, zitajitengenezea njia. Ni kweli? — *Msomaji, Mafinga*

Jibu. Njia zitajitengenezea, lakini kwa kula alumini ya injini yako. Acha hapo hapo.

Bolti ya nane ya kawaida ina unene wa milimita 8 na umbali wa milimita 1.25 kutoka jino hadi jino. Tundu la Bantam la ukubwa huo ni la inchi 5/16, yaani milimita 7.94. Tofauti ya unene ni ndogo, ndiyo maana bolti inakudanganya mwanzoni. Shida iko kwenye meno. Pikipiki za Uingereza za kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 zilitumia zaidi tredi za baiskeli, zinazoitwa CEI au BSC, zenye meno 26 kwa inchi kwenye unene wa robo inchi, 5/16, 3/8 na 7/16. Jino la pili la bolti yako tayari limepanda juu ya jino la tundu.

Kabla ya kununua chochote, pima vitu viwili: unene na meno. Sugua bolti ya asili kwa brashi ya waya na mafuta ya taa, kwa sababu kutu na rangi huongeza unene. Weka veniya (kipimo cha kubana) juu ya ncha za meno. Ukisoma kati ya 7.8 na 7.94, hiyo yaelekea ni 5/16, ila bolti ya nane nayo inaweza kusoma hivyo, meno ndiyo yataamua. Robo inchi ni 6.35, 3/8 ni 9.53, 7/16 ni 11.11, nusu inchi ni 12.7. Bolti iliyotumika huwa chini kidogo ya namba hizo, haizidi.

Kisha meno. Kama huna geji ya tredi, pima kutoka ncha ya jino la kwanza hadi ncha ya jino la kumi na moja. Wengi hukosea hapa: ncha kumi ni nafasi tisa tu. Nafasi kumi zikileta milimita 9.77, ni meno 26, yaani CEI. Zikileta 10.58 ni meno 24, UNF (tredi nyembamba ya Kimarekani). 11.55 ni meno 22, BSF (tredi nyembamba ya Kiingereza). 14.11 ni meno 18, ambayo kwa 5/16 ni Whitworth (tredi nene ya Kiingereza) au UNC (nene ya Kimarekani). Ukipata 12.5, mtu alikutangulia na bolti ya nane. Bolti ikiwa fupi, pima nafasi tano na uzidishe kwa mbili.

Angalia hasa bolti ya nane yenye meno membamba, ya milimita 1.0. Hiyo inaingia ndani zaidi kuliko ile ya kawaida, kwa sababu nafasi zake kumi ni 10.00 na za CEI ni 9.77. Tofauti ya 0.23 hujikusanya kidogo kidogo, na unapohisi ugumu tayari umeshakwangua meno ya juu.

Tundu nalo lisikuchanganye. Kwenye alumini waliweka mara nyingi Whitworth yenye meno makubwa, maana alumini laini haishiki vizuri meno membamba. Stadi moja (bolti isiyo na kichwa, yenye meno ncha zote mbili) inaweza kuwa na Whitworth upande unaoingia kwenye injini na meno 26 upande wa nati. Pima ncha zote mbili, la sivyo utatengenezewa stadi nzuri isiyoingia popote.

Kama tundu limeshaharibika, usikubali lipigwe tepu (kikatio cha meno ya ndani) ya nane. Kutoka 7.94 hadi 8 hakuna nyama mpya ya kukata. Utabaki na meno yaliyokatwa juu ya mabaki ya meno mengine. Weka springi ya tredi (inayokaa ndani ya tundu kuwa meno mapya) ya ukubwa ule ule wa asili, au kama ukuta ni mnene panda hadi 3/8.

Swali. Spana yangu imeandikwa 1/4 W lakini inashika bolti ya 5/16. Imeandikwa vibaya? Na kwa nini 13 haiingii na 14 inateleza? — *Msomaji, Iringa mjini*

Jibu. Haijaandikwa vibaya. Namba ya spana ya Whitworth inataja unene wa bolti, si upana wa kichwa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili Waingereza walipunguza vichwa kwa saizi moja ili kuokoa chuma, na spana ya 1/4 W ikawa ndiyo ya bolti ya 5/16. Mdomo wake ni milimita 13.3, ndiyo maana 13 inakataa na 14 inalamba kona. Ya 3/16 W ni 11.3 na ya 5/16 W ni 15.2, nazo hazina mwenzao wa milimita. Ya 3/8 W ni 18.0, na hapo spana ya 18 inakaa vizuri.

Kichwa pia ni kidokezo. Bolti ya 5/16 yenye kichwa cha 12.7 huwa ni UNF au UNC. Ni kidokezo tu, pima meno pia.

Swali. Koki ya petroli inavuja. Nimepima tredi, ni 13.1. Duka linanipa nusu inchi, haishiki. — *Msomaji, Tukuyu*

Jibu. Hiyo ni tredi ya bomba, BSP ya robo. "Robo" ni jina la tundu la bomba la kale. Unene wa nje ni 13.16 na meno ni 19 kwa inchi. Omba BSP ya robo pamoja na washa (pete ya kuzuia kuvuja) mpya ya faiba.

Swali. Nina Triumph 650 ya 1970. Wauza spea za matrekta hapa Mwanjelwa wanasema bolti zao zinafaa. Niwaamini? — *Msomaji, Mbeya*

Jibu. Kwa sehemu, na nyanda hizi zina bahati ya kuwa na Massey Ferguson nyingi. Trekta za MF 35 na 135 zinatumia zaidi UNF na UNC, na Triumph ilianza kuhamia huko mwishoni mwa miaka ya 1960. Lakini kiwanda hakikubadilisha kila kitu kwa siku moja, hivyo pikipiki yako inaweza kuwa na mchanganyiko. Pima kila tundu.

Kuna jozi zinazokubaliana kivitendo. CEI ya nusu inchi na UNF ya nusu inchi zote zina meno 20 na pembe ya jino ya digrii 60. BSF na CEI za robo zote zina meno 26. Pembe ni 55 kwa 60, kwa vifuniko si tatizo. Whitworth na UNC zinalingana meno kwenye 1/4, 5/16 na 3/8, ila kwenye nusu inchi ni 12 dhidi ya 13, usijaribu.

Skrubu ndogo za vifaa vya umeme vya Lucas ni BA, tredi ndogo za Kiingereza. 2BA ina milimita 4.7 na meno yake yanakaribia kabisa yale ya skrubu ya milimita 5. Ukilazimisha ya 5 itaingia na kupasua.

Usichopata, kakereze. Mpe mkerezaji unene, meno kwa inchi na pembe, pamoja na sampuli. Mashine yenye skrubu kuu ya milimita inahitaji gia ya meno 127 ili ikate inchi sawasawa. Akisema ataweka 1.0 kwa sababu "ni ile ile", chukua sampuli yako uondoke. Bolti za kon-rodi, breki na ekseli usikereze kwa chuma usichokijua. Hizo agiza.