Nilibadilisha Nenosiri, Mwizi Akabaki Ndani

Rafiki alinipigia simu kuuliza kama kweli nimekwama safarini na nahitaji hela. Nilikuwa kwangu, nimenyoosha miguu. Nikafungua barua pepe mbiombio, nikabadilisha nenosiri, nikawaomba watu radhi, nikalala nikidhani yamekwisha.

Wiki tatu baadaye mdukuzi yule yule akaniandikia kujifanya mteja wangu, na ankara niliyotuma jana yake anaijua hadi senti. Kumbe siku ile ya kwanza aliingia kwenye mipangilio akaweka kichujio: kila barua yenye neno "malipo" au "ankara" ipelekwe nakala kwenye anwani yake. Nenosiri jipya haligusi kichujio. Mimi nilibadilisha kitasa cha mbele, yeye anapitia mlango wa uani.

Kwa hiyo ukishtuka kwamba umeingiliwa, nenosiri ni mwanzo tu. Fungua mipangilio ukague vichujio na sehemu ya kuelekeza barua kwingine. Kagua vifaa vilivyoingia kwenye akaunti, uviondoe vyote, kisha uingie upya. Tazama na programu ulizowahi kuziruhusu zisome barua zako. Mimi nilikuta moja ya kupanga ratiba ambayo hata jina lake nilishalisahau. Halafu angalia anwani na namba ya simu ya kurejeshea akaunti. Yangu ilikuwa anwani ya zamani nisiyoifungua miaka mingi, na hilo ni jambo la hatari: mwaka 2013 Yahoo iliyachukua majina ya akaunti zilizolala na kuwapa watu wengine. Hebu fikiria mgeni akipokea kiungo cha kufungulia akaunti yako.

Aliingiaje? Kwa uvivu wangu. Nenosiri la barua pepe nilikuwa nimelitumia pia kwenye tovuti moja ndogo iliyokuja kuvuja, na wadukuzi hujaribu orodha za namna hiyo kila mahali. Si tovuti ndogo tu zinazovuja; udukuzi wa Yahoo wa mwaka 2013 uligusa akaunti zote bilioni 3. Ingiza anwani yako kwenye Have I Been Pwned, tovuti ya mtaalamu wa usalama wa mtandaoni Troy Hunt, uone imetokea kwenye mivujo gani. Siku hizi programu ya kutunza manenosiri ndiyo inayonikumbukia. Mimi nakumbuka moja tu, refu, la maneno matano yasiyohusiana.

Washa uthibitishaji wa hatua mbili leo hii, yaani baada ya nenosiri uombwe na uthibitisho wa pili. Namba zinazokuja kwa ujumbe wa simu ni afadhali kuliko kukosa, ila laini ya simu huweza kuhamishwa kwa hila. Programu inayotoa namba mpya kila sekunde 30 ni bora zaidi, ingawa ukurasa bandia unaweza kukuomba namba hiyo na kuitumia papo hapo. Kifaa cha usalama cha kuchomeka hakidanganyiki hivyo, kwa sababu hujibu kwenye anwani halisi ya tovuti peke yake. Namba za akiba, zile za kuingilia ukipoteza simu, ziandike kwenye karatasi. Ndiyo, karatasi.

Kuhusu faragha, kufuli unaloliona kwenye kivinjari hulinda barua ikiwa njiani, si mbele ya kampuni inayoitunza. Gmail, iliyoanza mwaka 2004, ilikuwa ikipekua barua ili ipange matangazo mpaka ilipotangaza kuacha mwaka 2017. Huduma kama Proton Mail ya Uswisi husimba barua hata wenyewe wasizisome, lakini kichwa cha barua, ule mstari wa mada, hakimo kwenye usimbaji huo, na barua unayomtumia mtu mwenye huduma ya kawaida kwa kawaida humfikia wazi. Na popote ulipo, zima picha zinazojifungua zenyewe. Kipicha cha nukta moja kinatosha kumwambia mtumaji umesoma saa ngapi.

Jambo la mwisho nililofanya ndilo lililonitoa jasho. Nilitafuta kwenye barua nilizotuma neno ambalo mwizi angelitafuta: "pasipoti". Zikatoka nakala nne. Nikajaribu "nenosiri", nikakuta la intaneti ya nyumbani, nilimtumia ndugu yangu zamani. Nikafuta zote, nikamwaga na pipa la taka, kisha nikampigia ndugu yangu afute ya kwake.